Mwaka wa shughuli za Gredi ya 10 katika shule ndogo ya Nairobi: mwongozo wa mwalimu mlezi

Kila Januari maswali ni yale yale. Nimepewa shughuli za madarasa ya chini, nianzie wapi? Vilabu vingapi vinatosha? Wazazi wakigoma kulipia ziara nifanyeje? Mbona timu ya voliboli ikianza kufanya vizuri, kundi la uigizaji linakufa? Nimeyajibu kwa simu, nimeyajibu kwenye steji ya matatu, nimeyajibu tukisubiri chai ya saa nne. Sasa nimeyaweka mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wako ikiwa uko katika shule ya kutwa yenye mkondo mmoja au miwili, uwanja ambao nusu yake ni maegesho, na walimu ambao kila mmoja tayari ana kazi tatu. Ukiwa kwenye shule ya wanafunzi elfu moja yenye mabasi yake na mwalimu wa muziki, utapata machache hapa. Shule ndogo haikosi vipaji. Inakosa watu. Msichana anayefunga magoli ndiye anayeimba sauti ya kwanza, ndiye anayekariri shairi, na juzi mmemfanya kiranja. Karibu kila tatizo utakalokutana nalo mwaka huu linatokana na hapo.

Kuna jambo la pili, la wakati huu. Gredi ya 10 walioingia Januari 2026 ni wa kwanza wa sekondari pevu, na mwaka 2025 hakuna aliyeripoti Kidato cha Kwanza, kwa kuwa rika lao lilikuwa Gredi ya 9 huko sekondari msingi. Matokeo yake, mwaka huu shule haina Kidato cha Pili. Vilabu vimeruka kizazi. Waliobaki juu ya watoto wako ni Kidato cha Tatu na cha Nne, na hao wa Tatu ndio watakaofunga mlango wa KCSE, mtihani wa Kidato cha Nne wa mfumo wa zamani wa 8-4-4, mwaka 2027. Usijenge mipango yako juu ya mabega yao.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Orodha ya wanafunzi wote wa Gredi ya 10: jina, umri, mtaa anaoishi, idadi ya matatu anazopanda, na saa anayofika nyumbani. Hiyo ya mwisho ni muhimu kuliko unavyodhani.
- Tarehe rasmi za mihula kutoka Wizara ya Elimu na tarehe za mitihani ya ndani kutoka kwa mwalimu anayesimamia masomo.
- Ratiba ya michezo na tamasha kutoka ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yenu. Nenda mwenyewe ukaichukue. Inayopitia kundi la WhatsApp hufika siku moja kabla ya mashindano.
- Kibali cha maandishi cha mwalimu mkuu kinachotaja siku na saa ya vilabu. Bila maandishi, mwalimu wa hisabati atakula muda huo kufikia wiki ya tatu.
- Kiasi cha pesa ulichotengewa, hata kiwe kidogo cha kuchekesha. Kijue kabla hujaahidi mtu chochote.
- Mwalimu mwenzako mmoja ambaye amekubali kwa hiari yake. Ikiwa shule ni ya wavulana na wasichana, hakikisha mmoja wenu ni wa kike.
- Daftari kubwa la jalada gumu, filimbi, mipira miwili ya aina tofauti, seti mbili za chesi, na sanduku la huduma ya kwanza lenye vitu ndani. Lifungue uhakikishe.

Hatua ya 1: Hesabu watu kabla ya kuhesabu shughuli

Chukua karatasi. Majina yashuke upande wa kushoto, shughuli zipangwe juu. Kila mwanafunzi achague mbili: moja ya kutoa jasho na moja ya kukaa, kusema au kutengeneza. Methali inasema mshika mbili moja humponyoka; hapa mbili zinashikika vizuri, ni ya tatu ndiyo haishikiki. Usikubali ya tatu hata kwa yule hodari. Hasa kwa yule hodari.

Sasa fanya hesabu. Tuseme una wanafunzi 45, wasichana wakiwa 22. Netiboli inataka 7 uwanjani, na huwezi kwenda bila wa akiba 3 au 4. Tayari nusu ya wasichana wote wa Gredi ya 10 wako kwenye netiboli. Voliboli ni 6 na wa akiba. Soka ni 11, na ukianzisha soka ya wasichana juu ya netiboli umemaliza watoto. Handiboli ni 7, raga ya muhula wa pili ni 7, hoki ni 11 na inahitaji uwanja ambao huna.

Ndiyo maana shule ndogo inafaa iangalie michezo ya watu wachache. Kikapu cha 3x3 kinachezwa na watatu na mmoja wa akiba, nusu uwanja, goli moja. Tenisi ya meza ni mmoja au wawili. Riadha ni mtu na miguu yake. Chesi ni mmoja na mwenzake. Nimeona shule yenye darasa moja kwa kila kidato ikizisumbua shule kubwa za mtaa kwenye mbio, kwa sababu tu mwalimu aliacha kung'ang'ania soka.

Onyo: Usipeleke timu ambayo haina wa akiba. Mmoja akiteguka mguu dakika ya kumi, mtamaliza pungufu, na mwakani mwalimu mkuu atakuuliza kwa nini shule ilipie gari la kwenda kuaibika.

Hatua ya 2: Chora kalenda, ukianza na yale usiyoweza kuyasogeza

Mihula yetu hailingani. Wa kwanza una wiki 13 hivi, wa pili 14, wa tatu 9. Wengi hupanga kana kwamba mwaka una sehemu tatu sawa, kisha Oktoba wanashangaa.

Weka kwa kalamu nyekundu mitihani ya ndani, likizo ya katikati ya muhula, siku za mikutano ya wazazi, na wiki ambazo Kidato cha Nne wanafanya KCSE. Kisha weka ya nje kwa kalamu ya bluu. Muhula wa kwanza ni wa riadha, kikapu, handiboli, hoki na raga ya wachezaji 15, na ndio pia muhula wa tamasha za uigizaji na maonyesho ya sayansi, ambayo fainali zake za kitaifa kwa kawaida huangukia karibu na likizo ya Aprili. Muhula wa pili ni wa soka, voliboli, netiboli na raga ya wachezaji 7, pamoja na tamasha za muziki zinazofikia kilele Agosti. Muhula wa tatu kwa upande wa mashindano ni mtulivu.

Mwisho weka hali ya hewa, kwa kalamu yoyote. Mvua ndefu huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Uwanja wa udongo mweusi wa Embakasi au South C ukilowa, hauchezeki siku tatu. Kwa hiyo riadha uifanyie mazoezi Januari na Februari, na Aprili uwe na kitu cha kufanya chini ya paa.

Ukimaliza, tafuta wiki zenye kalamu tatu. Hizo ndizo zitakazokuua. Futa kitu sasa, ukiwa bado na utulivu.

Hatua ya 3: Anzisha vilabu vinne

Vinne tu. Ubao wa matangazo wenye vilabu 14 huvutia wageni siku ya wazazi, lakini ukienda Alhamisi saa tisa na nusu utakuta 11 kati yao havina mtu.

Chaguo langu kwa shule ndogo: mijadala na Kiswahili pamoja, sayansi na kompyuta pamoja, mazingira, na sanaa za jukwaani. Vikundi vya dini vitajiendesha vyenyewe, na havihitaji msukumo wako, vinahitaji chumba. Ukiwa na mwalimu aliyewahi kuwa skauti, ongeza skauti. Klabu ya mazingira inaweza kujiunga na Wildlife Clubs of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1968 na ambayo kazi yake ni vilabu vya shule.

Kila klabu ipewe mwenyekiti wa Kidato cha Tatu na naibu wa Gredi ya 10, na naibu ndiye ashike daftari. Huyo naibu si pambo. Ndiye anayeitisha mkutano, ndiye anayepokea funguo za chumba. Mwenyekiti akianza kusoma kwa ajili ya mtihani wake wa mwisho, klabu haitatikisika.

Hatua ya 4: Wiki mbili za kwanza

Wanafunzi wapya wafike, wapewe ratiba, waonyeshwe vyoo na mahali pa maji, watambulishwe kwa majina. Shule ndogo ina faida hapa: kufikia Ijumaa ya pili kila mwalimu anaweza kujua kila uso.

Uonevu uukate kabla haujaanza. Ile mila ya kuwatania "mamono", kuwatuma dukani, kuwafanya waimbe mbele ya wakubwa ili wachekwe, mara nyingi hujificha ndani ya kitu kinachoitwa "kuwakaribisha". Usiwaachie wanafunzi wakubwa wapange makaribisho peke yao. Badala yake fanya mchezo wa mchanganyiko: timu za kikapu zenye wawili wa Gredi ya 10 na wawili wa Kidato cha Tatu, dakika kumi kila mechi, mchana mmoja. Wakitoka hapo wanajuana kwa jina la uwanjani, na aliyekupa pasi ni vigumu kukutuma sigara.

Hatua ya 5: Muhula wa kwanza, lenga jukwaa dogo

Usianze na mchezo wa kuigiza wenye watu 25, mapambo ya jukwaa na mavazi ya kushonesha. Tamasha la uigizaji lina vitengo ambavyo mtoto mmoja anatosha: shairi la mtu mmoja, masimulizi. Chagua hivyo. Mtoto mmoja, mwalimu mmoja, kona ya maktaba, dakika 20 kila siku baada ya chakula cha mchana. Nauli ya kwenda kwenye mashindano ni ya watu wawili.

Sayansi ni hivyo hivyo. Kwenye maonyesho ya sayansi na uhandisi mradi mmoja huwasilishwa na mwanafunzi mmoja au wawili. Hapo shule yenye watoto 45 iko sawa kabisa na shule yenye 450. Kinachowaangusha wengi ni wazo lililookotwa mtandaoni. Majaji wameshaona volkano ya magadi na siki. Waulize watoto ni nini kinachowasumbua nyumbani: maji ya bomba yanayokuja Jumanne na Ijumaa tu, takataka za soko la Gikomba, moshi wa jiko la makaa katika chumba kimoja. Mtoto wa Mukuru anayeshughulikia moshi wa chumba chao atayajibu maswali ya jaji bila kukariri. Mwambie aanze kuandika vipimo wiki ya kwanza ya Februari, si usiku wa kuamkia maonyesho.

Onyo: Saa ya kumalizia mazoezi iwe saa kumi na moja kamili. Jioni nauli hupanda, mvua ikinyesha hupanda tena, na mtoto aliyebaki na nauli ya asubuhi atatembea. Rudi kwenye ile orodha yako: anayepanda matatu mbili aruhusiwe kuondoka mapema bila kuomba kila siku.

Hatua ya 6: Ziara moja, iliyopangwa vizuri

Hili ndilo litakalokula muda wako mwingi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Fanya ziara moja kwa mwaka. Mwezi mzuri ni Juni: mvua ndefu zimeisha, mitihani ya mwisho wa muhula bado. Baridi ya Juni na Julai waambie waje na sweta na uachane nayo.

Nairobi ina bahati kwamba huhitaji kwenda mbali. Hizi ndizo ninazozipendekeza, kwa sababu tofauti:

Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, pale Museum Hill, kama unataka walimu wa historia na baiolojia wakuunge mkono. Mifupa ya Kijana wa Turkana iko pale, iliyogunduliwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu na ambayo ina umri wa takriban miaka milioni 1.5. Watoto huvutiwa zaidi na nyoka walio kando, waache.

Msitu wa Karura, kama unataka watembee na wachoke. Una zaidi ya hekta 1,000, una maporomoko ya maji na mapango yanayohusishwa na wapiganaji wa Mau Mau. Ni msitu ambao Wangari Maathai alipigwa akiutetea mwaka 1999, kisha akapata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Wasimulie hayo mkiwa ndani, si darasani.

Bustani ya Uhuru huko Lang'ata, mahali bendera ya Kenya ilipopandishwa usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963. Kutoka hapo Safari Walk ya Mbuga ya Nairobi si mbali.

Nairobi Arboretum, kama pesa ni kidogo sana. Ipo tangu 1907, ina miti yenye vibao vya majina, na unaweza kuifikia kwa miguu kutoka katikati ya jiji.

Sasa utaratibu, kwa mpangilio huu:

a) Wiki nane kabla: chagua mahali, piga simu au nenda uulize ada ya wanafunzi na njia ya kulipa. Usikisie kwa kutumia risiti ya miaka miwili iliyopita.

b) Wiki saba kabla: mpelekee mwalimu mkuu barua yenye tarehe, lengo la somo, idadi ya wanafunzi, gharama ya kila mmoja, na majina ya walimu. Yeye ndiye atakayeshughulikia kibali cha ofisi ya elimu. Mwachie kazi hiyo na umkumbushe kila Jumatatu.

c) Wiki sita kabla: barua za wazazi, zenye kipande cha chini cha kukata na kurudisha kikiwa na sahihi, namba ya simu, na swali kuhusu pumu, kifafa, mzio na dawa. Pesa zilipwe kwenye akaunti ya shule. Zisipite kwenye M-Pesa yako hata kwa siku moja, hata mzazi akikusihi, hata ikiwa ni shilingi mia.

d) Wiki nne kabla: gari. Kama shule jirani ina basi, omba kulikodi. Kwa kawaida unalipia mafuta na dereva. Ukikodi matatu, mchague dereva, usichague michoro na muziki. Kagua bima, kibandiko cha ukaguzi, na mikanda ya viti, na uketi ndani uhesabu viti. Watoto hawakai watatu kwenye viti viwili kwa sababu "ni wadogo".

e) Siku tatu kabla: gawa wanafunzi katika makundi ya kumi, kila kundi na mtu mzima wake na kiongozi wake. Orodha ziwe nakala tatu: yako, ya dereva, na ya mwalimu aliyebaki shuleni.

f) Siku yenyewe: ondokeni kabla ya saa moja na nusu asubuhi au baada ya saa tatu. Katikati ya hapo mtakaa Thika Road au Jogoo Road mkiimba. Hesabu watu mnapopanda, mnaposhuka, baada ya chakula, na mnapopanda tena. Rudini shuleni kabla ya saa kumi ili kila mtoto afike kwao kukiwa na mwanga.

Onyo: Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga za taifa na misitu ya hifadhi. Chupa za maji za dukani na sahani za plastiki zitaishia langoni, na mtapoteza nusu saa mkibishana na askari ambaye yuko sahihi. Kila mtoto aje na chupa ya kujaza na chakula kwenye kopo.

Onyo jingine: Mtoto asiyeweza kulipa asitangazwe. Panga bei ili kila kumi wanaolipa wambebe mmoja, na wewe na mhasibu pekee ndio mjue ni nani.

Hatua ya 7: Muhula wa pili, tumia tarehe zilizopo

Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Inaangukia ndani ya muhula, haihitaji nauli, na haihitaji kibali cha nje. Wape Gredi ya 10 siku hiyo yote waiendeshe: mjadala, ngonjera, mashindano ya vitendawili kati ya madarasa, habari zisomwe kwenye gwaride. Wakubwa wawe hadhira kwa mara moja. Kazi yako ni kusoma ngonjera kabla ya siku, kwa sababu kutakuwa na ubeti mmoja kuhusu mwalimu fulani.

Muziki: kwaya kubwa iache kama huna watoto 30 wanaoweza kuja mazoezini kila siku. Kuna vitengo vya sauti moja, vya wawili wawili, na vya ala. Mtoto anayepiga nyatiti au filimbi kanisani au nyumbani yuko shuleni kwenu, ila hakuna aliyemuuliza.

Kuhusu zile hafla za shule mbili tatu ambazo wanafunzi huziita fanki: zikubali zikiwa na jambo la kufanya, kama mjadala au kongamano la somo, zikiwa na saa ya kuanza na kuisha, na walimu wa shule zote wakiwepo. Ikiwa barua ya mwaliko haina jina la mwalimu, jibu ni hapana.

Hatua ya 8: Huduma kwa jamii

Gredi ya 10 wana somo la huduma kwa jamii, kwa hiyo usilianzishie shughuli mpya. Iunganishe na klabu ya mazingira na kazi imekwisha. Kusafisha mtaro ulio nje ya lango kila Ijumaa kwa muhula mzima kunamfundisha mtoto zaidi kuliko picha moja ya kukabidhi unga kwenye makao ya watoto. Mwambie chifu au kiongozi wa nyumba kumi mnachofanya. Glavu ni lazima, na mitaro yenye maji taka waachieni kaunti.

Kwa waliofikisha miaka 14, Tuzo ya Rais ngazi ya shaba ni nzuri kwa shule ndogo kwa sababu haihitaji timu. Ina huduma, ujuzi, michezo na safari ya siku mbili na usiku mmoja, na huchukua angalau miezi sita. Shule isajiliwe kwanza. Kama haijasajiliwa, anza hapo na watoto waingie mwakani.

Hatua ya 9: Muhula wa tatu, punguza

Wiki tisa. Kidato cha Nne wanataka kimya. Fanya mambo mawili tu. La kwanza, panda miti karibu na 10 Oktoba, Siku ya Mazingira. Yenyewe ni sikukuu, kwa hiyo pandeni siku ya shule iliyo kabla yake. Mvua za vuli zinakuwa njiani. Kila mti uwe na jina la mtoto atakayeumwagilia, la sivyo Januari mtakuta vijiti.

La pili, makabidhiano. Naibu wa kila klabu aandike kurasa mbili kwenye daftari: tulifanya nini, ilitumia pesa ngapi, namba ya nani ilisaidia, nini tusirudie. Lisome, weka sahihi, lifungie kabatini. Gredi ya 10 wapya watafika na kukuta mtu aliyewatangulia mwaka mmoja, kitu ambacho hawa wa sasa hawakukipata.

Mambo yakikwama

Wanafunzi wanatoroka vilabu wanaenda nyumbani. Angalia saa kwanza. Kama klabu ni kipindi cha mwisho Ijumaa, hata wewe ungetoroka. Isogeze hadi Jumatano, kabla ya kipindi cha mwisho cha somo.

Mwalimu wa somo amechukua muda wa vilabu. Usigombane naye mbele ya wanafunzi. Mpelekee mwalimu mkuu ile barua ya kibali na umwachie. Kama ni kwa sababu ya silabasi kweli, badilishana naye wiki moja na uandike deni.

Mchezaji mmoja anatakiwa na timu mbili siku moja. Rudi kwenye karatasi ya Hatua ya 1. Shughuli aliyoiandika kwanza ndiyo inayompata. Usimuulize yeye aamue mbele ya walimu wawili waliokunja uso.

Mzazi anasema michezo inamharibia mtoto masomo. Mwite, mwonyeshe alama zake na ratiba ya mazoezi. Akibaki na msimamo, mpe mtoto chesi au mijadala na uachane na uwanja kwa muhula mmoja. Wengi hurudi wenyewe.

Hakuna uwanja. Omba uwanja wa kanisa, wa shule ya msingi jirani, au wa kaunti, kwa barua, na uweke saa maalumu. Watoto wakipeleka ufagio na kuuacha safi kuliko walivyoukuta, mwakani hamtaulizwa.

Gari halijafika siku ya ziara. Subiri dakika 45, ukimpigia dereva na mwenye gari. Baada ya hapo ahirisha, toa tarehe mpya papo hapo, na waruhusu wale chakula chao uwanjani. Usipakie watoto kwenye matatu za kawaida makundi makundi. Mtapotezana kabla ya kufika mzunguko wa barabara wa Globe.

Kidato cha Tatu wanawadharau manaibu wa Gredi ya 10. Mpe naibu funguo mbele ya wote, na mwenyekiti akitaka chumba amwombe yeye. Ikifika wiki ya tatu bado kuna kelele, badilisha mwenyekiti, usibadilishe naibu.

Pesa za ziara zimepungua siku mbili kabla. Usitoe zako mfukoni ukitumaini kurudishiwa. Mwambie mhasibu akupe hesabu kamili, kisha punguza mahali pa kwenda, usipunguze watoto: kutoka Safari Walk hadi Arboretum, tarehe ibaki ile ile, na waliolipa zaidi warudishiwe salio kupitia shule pamoja na risiti.